Shingo ya Kufika Oregon

Royce Goering alikuwa amekwisha kueleza kwa mdomo, na kwa kuwa haikusaidia akachukua chaki akachora kwenye sakafu ya karakana yake. Alichora pikapu, akachora nyumba ya magurudumu nyuma yake, akaweka duara pale vinapokutana. Galen Ratzlaff aliutazama mchoro ule kama mtu anayeonyeshwa picha za wajukuu wa jirani.

"Mzee Galen, trela la kuishi halivutwi kama trela la ng'ombe," Royce alisema. "Nyumba yako ina pini hapa puani, inashuka chini, nene kama kifundo cha mkono wako. Pini hii inataka sahani yenye taya, kama ya malori makubwa. Sahani tunaifunga kwa bolti hapa katikati ya pikapu, mpaka kwenye chesisi. Pini inaingia, taya zinauma, mnakwenda zenu mpaka mlowe miguu baharini."

"Na mikono yangu?"

Aliyaulizia yale machuma mawili nyuma ya pikapu, yanayofunguka na kukumbatia robota la nyasi kubwa kuliko fahali, yakalinyanyua na kulipeleka kwa ng'ombe wakati wa theluji. Huku kwetu kusini mwa Kansas, pikapu isiyo na mikono hiyo ni ya mwalimu au ya mchungaji wa kanisa.

"Mikono inatoka," Royce alisema. "Bodi lote linatoka, tunarudisha la kawaida. Ng'ombe umeuza, mzee. Marobota unamnyanyulia nani?"

Twila, mke wa Galen, alicheka. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, mkoba magotini, na siku ile alikuwa tayari kucheka kwa lolote. Galen hakucheka.

"Gololi ninayo," alisema. Aliipiga kwa kiganja ile gololi ya chuma, ukubwa wa ngumi, iliyochomoza katikati ya bodi la pikapu. "Nimeifunga mwenyewe, nimevutia ng'ombe juu yake, haijaniangusha hata siku moja. Nipe kitu cha kushika gololi."

Royce alishusha pumzi. Kitu hicho kipo, na alikuwa nacho pale pale ukutani. Watu wanakiita shingo ya bata. Unaing'oa ile pini ya nyumba, mahali pake unafunga shingo ndefu ya chuma inayoshuka mpaka chini na kuimeza gololi. Pikapu haiguswi, na mikono ya nyasi inabaki palepale.

"Ipo," Royce alisema, "lakini nisingekupa mimi. Nyumba hizi fremu yake ni laini, haikuundwa kwa shingo ndefu. Kila ukikanyaga breki, shingo inaivuta pua ya nyumba kama mtu anayeng'oa msumari kwa nyundo. Ukienda nayo mbali, milimani kule, welding zinapasuka moja moja."

"Nani kasema milimani?"

"Oregon iko ng'ambo ya milima, Galen," Twila alisema.

"Najua ilipo Oregon. Nitaendesha taratibu." Kisha akamgeukia. "Mama, hebu tuletee ile chupa ya kahawa garini."

Twila akaenda. Aliporudi na chupa, mchoro wa chaki ulikuwa umefutwa kwa kiatu, na Royce alikuwa ameshaishusha shingo ya bata ukutani, anaipangusa vumbi. Hakumtazama Twila usoni wakati anapokea kikombe. Mwanamke yule aliliona hilo, akalipuuza. Kwa nini aharibu siku nzuri kwa sababu fundi hakumtazama usoni?

Kumtazama mtu usoni, kwanza, yeye mwenyewe hakuweza tena. Macho yake yalikuwa yanaharibika kwa kuanzia katikati. Palipokuwa na uso wa mtu aliona doa, kama kidole kilichopaka grisi kwenye kioo, na kando ya doa kila kitu kilikuwa kizima. Kwa hiyo alijifunza kutazama pembeni ili aone. Kanisani wanawake wakaanza kunong'ona kwamba Twila siku hizi ana maringo, unamsalimia anatazama kwingine. Daktari wa Wichita hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alimwambia doa litakua, dawa ya kulirudisha nyuma hakuna, na kama kuna kitu anatamani kukiona basi akakione sasa.

Siku ile ya daktari, wakirudi kutoka Wichita, Galen alisimamisha gari kando ya barabara kuu, injini inaunguruma, akashika usukani kwa mikono miwili na kulia. Twila hakuwahi kumwona akilia, hata alipomzika baba yake. Alipomaliza akasema, "Nitakupeleka ukaione bahari. Tutaitazama wote wawili. Halafu macho yakishakwisha, nitakuwa nakukumbusha mimi. Nitakuambia, unakumbuka lile wimbi, unakumbuka ile rangi." Hayo aliyasema Galen Ratzlaff, mtu ambaye maneno yake ya wiki nzima yangetosha kwenye kiganja. Na aliyasema kwa moyo wake wote. Hapo ndipo penye uchungu wa hadithi hii, maana angekuwa mwongo tangu mwanzo Twila angejua la kufanya naye.

Bahari Twila hakuwahi kuiona. Dada yake, Maxine, aliolewa Oregon, akawa kila mwaka anapiga simu, njooni, njooni. Na kila mwaka jibu lilikuwa ng'ombe. Wanazaa. Wanatiwa chapa. Wanaachishwa kunyonya. Maji yameganda kwenye mabirika, lazima yavunjwe kwa shoka. Mtu mwenye ng'ombe hasafiri, na mke wake hali kadhalika.

Kisha ukaja ukame, mabwawa yakapasuka kama visigino, na Galen akauza ng'ombe wote. Malori yalipoondoka alisimama ameyapa kisogo mpaka vumbi likatua. Mtu akiuza ng'ombe zake huku kwetu anapewa pole kama aliyefiwa; majirani walikuja na vyungu vya tambi na nyama, wakakaa sebuleni wakinong'ona. Twila alipokea vyungu vile huku moyoni akiona aibu, kwa sababu alikuwa na furaha.

Nyumba ya magurudumu waliipata kwa Lorene, mjane wa barabara ya pili, ambaye mume wake alifariki kabla hawajalala ndani yake hata kiangazi kimoja. Lorene aliwakabidhi ufunguo akamshika Twila mkono. "Nendeni upesi," alisema. "Msingoje chochote."

Basi wakaanza kuitengeneza uani. Royce alikuwa ameshaifunga shingo, kazi iliyobaki ilikuwa ya kusawazisha na kuunganisha. Galen alitafuta mahali ardhi imelala sawa, akaiegesha pikapu, akapima kwa futi kutoka chini mpaka juu ya gololi, kisha kutoka chini mpaka kwenye mdomo wa shingo. Shingo ile ina matundu ya kuipandisha na kuishusha. Ukiiacha ndefu mno, pua ya nyumba inatazama mbinguni na magurudumu ya nyuma yanabeba mzigo wote. Ukiifupisha mno, kwenye kila bonde nyumba inabusu bodi la pikapu. Twila alimpa spana, akamshikia tochi mchana kweupe kwa sababu kule chini kulikuwa na kiza, akamshikia bolti zisidondoke. Mara nyingine aliona kitu kabla ya mumewe, kwa pembe ya jicho.

"Nati ile imekaa upande," alisema.

"Ipi?"

"Ya kushoto. Naiona mimi kipofu, wewe mzima huioni?"

Galen akaiona. "Basi njoo uendeshe wewe," akasema, akicheka, na Twila akajisikia kama msichana.

Kisha ikaja kazi ya kurudisha nyuma. Ukitaka kujua ndoa za watu wa huku, usiwatazame kanisani wamechana nywele. Watazame wakiunganisha trela. Mwanamume yuko kwenye usukani, haoni kitu ila kioo cha pembeni. Mwanamke amesimama nyuma, na mikono yake ndiyo macho ya mwanamume. Kiganja kikisogea kulia, rudi kulia. Vidole vikikaribiana, pamebaki padogo. Ngumi juu, simama hapo hapo. Wengine wametukanana pale mpaka wakalala vyumba tofauti. Lakini Galen na Twila walikuwa mafundi wa kazi hiyo. Miaka yote hiyo Twila hakuwahi kumgonganisha na kitu.

Gololi ikafika chini ya shingo. Galen akaipaka grisi, akaishusha nyumba kwa jeki zake za umeme, polepole, na shingo ikaimeza gololi kwa mlio mzito. Akafunga pini ya usalama, akapishanisha minyororo miwili, akachomeka waya wa taa na wa breki. Halafu akafanya jaribio ambalo hakuna mtu mwenye akili anayeliruka: aliziminya breki za nyumba peke yake kwa mkono, kisha akaivuta pikapu mbele. Pikapu ikainama, ikaguna, nyumba ikakaa pale pale kama nyumbu aliyekataa. Shingo imeshika. Galen akashuka akitabasamu, na Twila akambusu shavu lenye grisi. Alikuwa na furaha siku ile, wala haina haja ya kuizungushia maneno. Alikuwa na furaha kuliko siku ya harusi yake.

Mambo mengine aliyaona na kujifanya hamnazo. Kwa safari ndefu pikapu inahitaji vioo vipana vya pembeni, Galen hakuvitafuta. Matairi ya nyumba yalikuwa na nyufa za jua. Aliyatazama, akayapiga teke, akasema yatafika. Twila alimtandikia ramani mezani. Aliikunja vizuri akaiweka juu ya jokofu. Na kila alasiri alipotea kwenda kukagua uzio wa malisho ya kusini. Uzio wa nini, wakati ng'ombe hakuna? Twila alijiambia mwanamume akizoea kukagua uzio huwezi kumwachisha kwa siku moja. Alikuwa anapanga vikombe kabatini, anatandika kitanda cha puani mwa nyumba, anampigia simu Maxine kumwambia atengeneze kitanda na yeye kule.

"Una uhakika safari hii?" Maxine alimuuliza. "Maana shemeji namjua."

"Ng'ombe hana tena. Atasingizia nini?"

Jumapili baada ya ibada walikula mikate ya nyama na kabichi, na Galen akasema, "Haya, tukaijaribu barabarani."

Twila alivaa koti lake zuri. Alipanda, akafungua dirisha ingawa kulikuwa na baridi, na waliposhuka njia ya vumbi alisikia nyumba ikiwafuata nyuma kwa mlio wa upole. Galen aliendesha bila kusema. Walifika njia panda. Kushoto ni lami, na lami inakwenda hadi barabara kuu, na barabara kuu inakwenda magharibi mpaka nchi inapokwisha. Galen akakata kulia.

"Umekosea njia," Twila alisema.

"Sijakosea."

"Kulia ni malisho ya kusini."

Wakapita juu ya lile daraja la vyuma linalozuia ng'ombe kutoka, nyumba ikatetemeka yote, na ndani yake Twila akasikia vikombe vikidondoka. Halafu akasikia harufu. Mtu aliyeishi na ng'ombe maisha yake yote hahitaji macho. Akageuza uso pembeni, na kando ya doa akawaona, weusi, wamesimama kwenye upepo, wanaitazama pikapu yenye mikono ya nyasi wakidhani inawaletea chakula.

"Ng'ombe wa nani hawa?"

"Wetu."

"Wetu mimi na nani?"

Galen alisimamisha gari. Alivua kofia, akaishika magotini. "Ni mitamba wachache tu, Twila. Kizazi kizuri sana. Wana mimba, watazaa Februari. Na mtamba anayezaa mara ya kwanza unajua mwenyewe, huwezi kumwacha peke yake, lazima mtu awe karibu. Nikafikiria, tukiiegesha nyumba pale nyuma ya mierezi, upepo hautatufikia. Jiko tunalo, kitanda tunacho, kuna joto. Itakuwa kama safari. Tutalala nje ya nyumbani, wewe na mimi."

Twila alikuwa akimsikiliza mtu huyu akimwambia kwamba maili nne kutoka jikoni kwake, kwenye kinyesi cha ng'ombe, ni safari.

"Na Oregon?"

"Kiangazi. Wakishazaa. Oregon haiendi popote."

"Macho yangu ndiyo yanayokwenda, Galen."

"Daktari hakutaja tarehe."

"Royce alijua," Twila alisema. "Pale karakanani, uliponituma kahawa. Ulimwambia unaivuta mpaka wapi."

Galen alitazama kofia yake.

"Kumbe mnanifuta mimi pamoja na ile chaki. Mnafunga shingo ya kufika malisho ya kusini, na mimi nashika tochi. Nakushikia bolti. Umenifanya nishike bolti, Galen."

"Unataka nifanyeje?" alisema, na sauti yake ikapanda, kisha ikakatika. "Naamka asubuhi, hakuna anayenililia chakula. Nakaa mezani. Naangalia nini? Niambie wewe, naangalia nini?"

"Ungeniangalia mimi," Twila alisema.

Kama mzee yule angekuwa na neno, lile ndilo lililokuwa tundu la kulipitishia. Badala yake akavaa kofia. Mitamba walikuwa wameanza kusogea karibu, na jicho lake likawafuata.

"Haya," alisema, taratibu, kama mtu anayebembeleza. "Shuka uniongoze nirudi nyuma pale kwenye mierezi. Tutaongea jioni."

Twila akashuka. Miguu ilimshusha kabla hajaamua, maana mwili umezoea. Alikwenda akasimama pale anaposimama siku zote, panapoonekana kwenye kioo cha upande wa dereva. Galen akaanza kurudi. Mahali penyewe palikuwa padogo, kati ya mierezi na zizi la kupakilia, na ilimbidi akate kona kali sana. Shingo ya bata inazunguka kirahisi juu ya gololi, kirahisi kupita sahani. Trela la ng'ombe lina pua nyembamba, unalikunja unavyotaka. Nyumba ina pua pana. Twila aliiona pembe ya pua ile ikizunguka, ikikaribia kioo cha nyuma cha pikapu, yadi, kisha futi, kisha kiganja. Aliiona waziwazi, kando kabisa ya doa, jinsi unavyoona mkono wako mwenyewe. Kilichotakiwa ni ngumi moja juu.

Mikono yake ilikuwa mifukoni mwa lile koti zuri. Akaiacha humo.

Kioo kilipasuka kwa kishindo, mitamba wakatimka mbio mpaka kwenye uzio. Pembe ya nyumba ikachanika, ukuta wake mwembamba ukafunguka, na godoro alilolitandika Twila likachungulia nje. Galen akatoka na vipande vya kioo mabegani. Aliitazama nyumba, akalitazama gari, akamtazama mkewe.

"Kwa nini hukunisimamisha?"

"Macho yangu," Twila alisema. "Si unajua hayaoni."

Wote wawili walijua anaona pembeni vizuri kuliko kunguru. Twila alitegemea angejisikia vizuri, na kwa muda mfupi alijisikia vizuri sana, roho ikasuuzika kabisa. Halafu akajisikia vibaya, kwa sababu nyumba ile ilikuwa yake na yeye ndiye aliyeiua. Aligeuka akaanza kutembea kurudi nyumbani kwa miguu, akifuata ukingo wa njia ambao bado aliuona. Galen hakumfuata. Alikuwa na mitamba wa kuwatuliza, na kioo cha kuokota kabla hawajakikanyaga.

Maxine alikuja kutoka Oregon kumchukua kwa gari lake dogo. Alilala usiku mmoja, hakugombana na shemeji yake, ila hakumsemesha pia. Asubuhi Galen alibeba sanduku la mkewe mpaka garini, akaliweka kwa uangalifu, akasimama ameshika mlango.

"Nitakuja kukufuata wakishazaa," alisema.

"Kwa pikapu ipi?"

"Royce anatengeneza kioo."

"Mpaka kiangazi kifike, Galen, sura yako nitakuwa siioni tena hata kwa pembeni. Nilikuwa nahuzunika sana kwa hilo. Sasa hivi nimepumzika."

Ni maneno mabaya, na alijua ni mabaya alipokuwa akiyasema. Galen alitikisa kichwa kama aliyeambiwa bei ya nyasi. Akaufunga mlango taratibu usimbane koti.

Bahari Twila aliifikia kutoka nyuma ya kilima cha mchanga, Maxine amemshika kiwiko. Alianza kuisikia. Kisha alifanya kosa la kila mtu mwenye ugonjwa wake, akaitazama moja kwa moja, na katikati ya bahari palikuwa na doa lake tu, limekaa kama lilivyokaa kila mahali. Alitaka kulia. Ndipo akageuza uso, akautazama mwamba mweusi wa kando, na bahari yote ikaingia upande wa jicho. Haikuwa bluu. Ilikuwa na rangi ya risasi, na ya chupa za zamani, na kila wimbi kabla halijavunjika lilipitisha mwanga ndani yake, kijani kibichi kabisa, kwa kitambo kidogo tu, kisha likawa povu. Tangu siku hiyo alikwenda kila siku ambayo mvua ilimruhusu. Alisimama akayatafutia majina aliyoyaona. Alijipangia maneno kimya kimya, kama mtu anayejifunza mahubiri, kwa sababu doa lilikuwa linakua na hakukuwa na wa kumkumbusha.

Februari simu ililia mfukoni akiwa palepale ufukweni. Ilikuwa Galen. Upepo ulivuma kwake na upepo ulivuma kwa mumewe, kwa hiyo ilibidi wote wawili wapaze sauti.

"Niko kwenye trela," Galen alisema. "Nimeziba ile pembe kwa bati. Wa kwanza amezaa leo, ndama jike, alikuja miguu ya nyuma kwanza, nimemvuta mwenyewe. Yuko hapa sakafuni, namkausha. Kuna kimya humu ndani."

"Vizuri kwamba amezaa salama."

"Uko wapi? Nasikia kelele."

"Niko ufukweni."

Kisha Galen akasema, kwa sauti ile ile ya siku ya Wichita, ya kando ya barabara kuu, "Niambie basi. Ikoje?"

Twila alikuwa nayo yote mdomoni. Rangi ya risasi, rangi ya chupa, ule mwanga wa kijani ndani ya wimbi. Alijua hasa anachoombwa na kwa nini anaombwa, na alijua kwamba mtu yule amekaa peke yake chini ya bati, na ndama miguuni, akingoja.

"Ni maji, Galen," alisema. "Maji tu."

Akamsikia akingoja kidogo, pengine kuna lingine. Twila akakata simu, akageuza uso upande wa mwamba, akaendelea kutazama.